Mbio za Makasia: Nani Anaona Nini?

Kabla mbio za makasia hazijaanza, yupo mtu amelala kifudifudi juu ya gati dogo linaloelea, mikono kainyoosha mbele, viganja vimeshika tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Waliokaa ndani ya boti hiyo wamefanya mazoezi miaka mingi kwa ajili ya dakika sita au saba zijazo. Yeye kazi yake ni kushika tu. Havuti, hasukumi. Sikioni ana kifaa kinachomletea sauti ya mtu aliye mbali kidogo: “Njia ya tatu, mbele kidogo. Kidogo tena. Simama hapo.” Anaisogeza boti kama upana wa kiganja, anatulia. Taa ikiwaka kijani anaachia vidole, boti inachomoka, na yeye anabaki na shati lililolowa, akisubiri boti nyingine ije baada ya dakika chache.

Halipwi. Mwenye sauti ile naye halipwi, wala anayewasha taa, wala anayeifuata mbio kwa mashua ya injini akiwa na vibendera viwili mkononi. Mashindano makubwa ya makasia, yawe ya klabu za mji mmoja au ya dunia nzima, hubebwa na watu wa kujitolea kuliko mtazamaji anavyodhani. Ukikaa ukingoni na kuwatazama, utachanganyikiwa: huyu kavaa koti la buluu, yule ana jaketi okozi na simu ya upepo, mwingine yuko kwenye kibanda amekodoa jicho kwenye waya uliovutwa wima. Nani mkubwa kati yao? Nani anaamua?

Naona swali la ukubwa ndilo linalowapoteza watu. Katika mchezo huu ni bora kuuliza nani anaona nini, kwa sababu madaraka ya kila mmoja huishia pale macho yake yanapoishia.

Sababu yake ni uwanja wenyewe. Mbio za kawaida za kimataifa ni za mita 2,000 (Olimpiki ya Los Angeles ya 2028 itatumia mita 1,500, lakini hiyo ni hali ya pekee). Boti sita hukimbia sambamba, kila moja katika njia yenye upana wa mita 13.5, iliyotengwa kwa safu za maboya. Ukisimama pale zinapoanzia, boti zilizofika mwisho zinaonekana kama njiti za kiberiti. Tena wapiga makasia hukaa wakiipa kisogo njia waendako. Boti nyingi hazina nahodha, yaani mtu anayekaa na usukani bila kupiga kasia, kwa hiyo hakuna ndani yake anayetazama mbele muda wote. Mchezo ambao wachezaji wenyewe hawaoni waendako unahitaji macho ya watu wengine, na macho hayo lazima yagawane eneo.

Tufuate boti moja tangu ghalani.

Kazi ya kwanza hufanyika nchi kavu, kwenye gati la kuondokea. Hapo wapo waamuzi wa ukaguzi. Wanahakikisha waliomo botini ndio walioandikishwa, kisha wanaitazama boti yenyewe. Kwenye ncha ya omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, lazima pawe na mpira mweupe laini wenye kipenyo kisichopungua sentimita 4. Mpira huo una kazi mbili: boti ikigonga mtu, ncha isimchome, na kamera ya mwisho iwe na kitu cha kupima. Halafu viatu. Viatu vya mpiga makasia vimefungwa moja kwa moja kwenye boti, naye anatumbukiza miguu. Boti ikipinduka, miguu ikikwama, mtu anazama akiwa kichwa chini. Ndiyo maana kila kisigino hufungwa kwa kamba fupi, ili mtu akivuta mguu kiatu kisimfuate. Mkaguzi anainama, anashika kisigino cha kiatu kimoja baada ya kingine na kukiinua aone kamba inakaza wapi. Ni kazi ya kuumiza mgongo, inarudiwa mamia ya mara kwa siku, na hakuna anayeipiga picha. Lakini katika kazi zote za siku hiyo, hii ndiyo yenye uhusiano wa karibu zaidi na uhai wa mtu.

Kuna kupima uzito pia, na hapa wageni huchanganya mambo. Kwa kanuni za kimataifa nahodha asipungue kilo 55. Akiwa mwepesi kuliko hapo, anaongezewa mzigo, usiozidi kilo 15, ambao anakaa nao botini. Mwamuzi anaupima mzigo huo, na mbio zikiisha anaweza kuudai tena auone, maana majaribu ya kuutupa majini njiani si madogo. Boti nazo zina uzito wa chini: ya mtu mmoja kilo 14, ya watu wanane kilo 96. Kipimo kinachohesabika ni kile cha baada ya mbio. Boti zinachaguliwa kwa kura, zinapelekwa moja kwa moja kwenye mizani, chupa za maji na nguo zinatolewa kwanza. Timu inaweza kuvuka mstari ikishangilia, ikatoka majini, ikaadhibiwa kwa sababu ya gramu chache. Mtu wa mizani hajali nani kashinda, na pengine hata hajui, kwa kuwa kwenye kibanda chake mbio hazionekani.

Boti inashuka majini. Kati ya gati na mstari wa kuanzia kuna eneo la kupashia misuli, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko zote. Fikiria boti thelathini, nyingine zina urefu wa zaidi ya mita 17, zinapanda na kushuka katika eneo dogo, na karibu wote waliomo wanatazama nyuma. Usalama unategemea kanuni ya mzunguko: wanaokwenda wanapita upande huu, wanaorudi upande ule, na pa kuvukia ni mahali pamoja tu. Ramani hubandikwa kila mahali na makocha husisitizwa. Hata hivyo hapakosi mtu aliyetoka klabu yenye mzunguko wa kinyume, ambaye mwili wake unampeleka kulia wakati ramani inasema kushoto.

Mwongozaji wa eneo hili anakaa kwenye mashua ndogo au ukingoni, ana orodha ya mbio, kipaza sauti na simu ya upepo. Anaita kwa namba, hakai kimya. Anajua mbio ya 41 iko mstarini, ya 42 inapaswa kuwa imekusanyika nyuma ya magati, ya 43 imeanza kugeuka. Boti ya watu wanane haigeuki kama gari, inahitaji nafasi na muda, na upepo ukiwa wa ubavuni inahitaji zaidi. Akimwita mtu mapema mno, wanamichezo wanapoa misuli wakisubiri. Akichelewa, ratiba nzima inayumba. Kanuni za kimataifa zinataka timu iwe imeshikwa kwenye gati lake dakika mbili kabla ya muda wa kuanza, na ikichelewa inaweza kupewa kadi ya njano kabla haijapiga hata kasia moja. Mwongozaji mzuri ndiye anayefanya kadi hizo zisitolewe. Siku yake ikienda vizuri hakuna atakayekumbuka kwamba alikuwapo.

Sasa boti imefika mstarini, tezi imeshikwa na yule mtu wa gati. Hapa mgawanyo wa macho unaonekana wazi kabisa, maana mahali pamoja wapo waamuzi wawili wenye mamlaka tofauti.

Mmoja ni mwanzishaji. Yuko kwenye mnara nyuma ya boti, mita kadhaa juu. Anaona njia zote sita, anaona nani bado anahangaika na upepo, anaona mbele kama maji yako huru. Asichoweza kuona ni kama omo ya njia ya pili imeipita ya njia ya tano kwa sentimita kumi, kwa sababu anazitazama kutoka nyuma. Mwingine ni mwamuzi wa mstari. Yeye amekaa kwenye kibanda cha pembeni, sawasawa na mstari wenyewe, akichungulia kupitia alama mbili zinazolingana. Anaona kila omo inakata mstari wapi, lakini hana la kusema kuhusu lini mbio zianze. Karibu naye yupo msawazishaji, mwenye ile sauti inayomfikia mtu aliyelala kifudifudi. Boti zina urefu tofauti tofauti, na magati yenyewe husogezwa mbele au nyuma kulingana na aina ya boti, kisha vidole vya mshikaji vinamalizia zile sentimita za mwisho. Omo zote zikilingana, ishara nyeupe inatolewa. Mwanzishaji akiiona ndipo anaendelea.

Anasoma majina ya timu moja baada ya nyingine. Orodha ikishaanza kusomwa, kunyoosha boti ni jukumu la timu yenyewe. Baada ya jina la mwisho anasema neno la tahadhari, taa nyekundu inawaka. Kimya. Urefu wa kimya hicho haufanani kila mara, na ni makusudi, ili mtu asiibe kwa kuhesabu. Kisha kijani pamoja na mlio.

Ikiwa omo ya mtu imevuka mstari kabla ya kijani, anayesema ni mwamuzi wa mstari, si mwanzishaji. Mwanzishaji anapiga kengele na kupunga kibendera chekundu kuwarudisha, lakini jina la mkosaji linatoka kibandani. Timu hiyo inapata kadi ya njano, na ikifikisha mbili inatolewa. Ndiyo maana ile kadi ya kuchelewa ni hatari: timu iliyokwisha kuwa nayo inaketi mstarini ikijua kuruka mapema mara moja tu kunatosha kuirudisha nyumbani. Nimewahi kusikia watazamaji wakimlaumu mwanzishaji kwa uamuzi wa aina hii. Wanamlaumu mtu ambaye, kwa pale alipoketi, asingeweza kuliona kosa lenyewe.

Katika mita 100 za mwanzo kuna huruma kidogo. Kasia likivunjika au kiti kikitoka relini, mpiga makasia anainua mkono, mbio zinasimamishwa, kifaa kinatengenezwa, zinaanza upya. Ikipita hapo, kila mtu abebe msalaba wake.

Na hapo ndipo mashua ya mwamuzi mfuataji inapoingia. Ilikuwa imetulia nyuma, injini inanguruma taratibu. Mwamuzi amesimama, si kwa madaha bali kwa sababu akikaa hataona njia zote. Ana kibendera cheupe na chekundu. Madaraka yake yanaanza mbio zikiwa zimekwisha kuanza na kuendelea hadi mstari wa mwisho, na huyu ndiye anayekaribia zaidi kuona kila kitu, ingawa naye ana tatizo lake: anaona kwa nyuma. Kutoka nyuma, hasa boti zikiwa mbali, iliyo mita tano nje ya njia yake na iliyo mita mbili zinaweza kuonekana sawa. Kwa hiyo hasemi ovyo. Mtu akitoka kwenye njia yake bila kumsumbua mwenzake na bila kujiweka hatarini, mwamuzi hukaa kimya, maana njia tupu ni maji tu. Akikaribia kumzuia mwingine, kibendera cheupe kinainuliwa juu, jina la timu linaitwa, kibendera kinashushwa kuelekea upande inaotakiwa kwenda. Ikikaidi na kumzuia mwenzake, chekundu.

Ugumu mwingine ni mashua yenyewe. Injini inatoa mawimbi, na mawimbi yanaweza kuharibu mbio ya aliye nyuma. Tuseme boti tano ziko pamoja na ya sita imeachwa mita 80. Mwamuzi akibaki nyuma ya ya sita, haoni vita vya mbele. Akiipita, anaitikisa kwa mawimbi yake, na ya sita nayo ina haki ya maji matulivu. Ndiyo maana mashindano makubwa hutumia mashua zilizoundwa kutoa mawimbi kidogo, nyingi zikiwa na matumbo mawili, na dereva wake, ambaye mara nyingi ni wa kujitolea pia, anapaswa kujua kuongeza na kupunguza mwendo bila kushtua maji. Mwamuzi hodari mwenye dereva mbovu ni sawa na kutokuwa naye.

Hesabu ya mashua hizi huwashangaza wanaoandaa mashindano kwa mara ya kwanza. Tuseme mbio zinaanza kila dakika 5. Boti ya mtu mmoja, mwanamichezo wa kawaida, inatumia kama dakika 8 kumaliza mita 2,000. Kumbe mbio ya pili inaanza ya kwanza ikiwa bado majini. Mashua ya mwamuzi inakwenda dakika 8 na mbio, inasubiri mwisho dakika mbili kuona kama kuna mkono ulioinuliwa, kisha inarudi polepole pembeni ili isitoe mawimbi, tuseme dakika 12. Jumla 22. Gawanya kwa 5: mashua nne hazitoshi, zinahitajika tano, na waamuzi watano, na madereva watano, na wa kuwapokea wakitaka kula. Hayo ni kwa kazi moja tu ya siku. Ongeza mashua za uokoaji, ambazo kanuni yake ni watu kwanza, boti baadaye, hata kama boti ni ghali kiasi gani. Radi ikisikika, kila mtu anatoka majini, na desturi iliyoenea ni kusubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi.

Mwishoni kuna mnara mwingine na kundi jingine la waamuzi, wanaotazama mstari kwa ubavu kama yule wa mwanzo. Omo ikikata, honi inalia. Siku hizi kamera maalumu hupiga mstari peke yake mara nyingi kwa sekunde, na picha yake ndiyo inayosomwa. Katika Olimpiki ya Rio ya 2016, fainali ya boti za mtu mmoja kwa wanaume, Mahe Drysdale wa New Zealand na Damir Martin wa Kroatia waliandikiwa muda uleule, dakika 6 na sekunde 41.34. Saa haikuweza kuwatenganisha. Picha ilimpa Drysdale dhahabu, kwa tofauti ambayo jicho la mtu mnarani lisingethubutu kuiapia.

Kabla ya kamera mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1877, katika mbio za kila mwaka za vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge huko London, mstari wa mwisho haukuwa hata na nguzo za kuulenga. Mwamuzi wa mwisho, mwanamaji wa mto Thames aitwaye John Phelps, alitangaza sare. Hiyo imebaki sare pekee katika historia ya mbio hizo, na watu wa Oxford hawakuacha kunung'unika. Phelps alipewa kazi ya kuona bila kupewa cha kumsaidia kuona, na kwa hilo siwezi kumlaumu.

Lakini hata kwa kamera, muda unaoonekana kwenye ubao bado si matokeo. Boti ya mwisho ikivuka, mwamuzi mfuataji anasimamisha mashua na kutazama timu zote. Je, kuna aliyeinua mkono? Mwenye malalamiko lazima aseme hapohapo majini, kabla hajaondoka. Kama hakuna, kibendera cheupe kinainuliwa kuelekea mnara wa mwisho, nao wanajibu. Sasa ndiyo matokeo. Kikiinuliwa chekundu, picha ya kamera inakaa kando mpaka mwamuzi aseme neno. Anaweza kumtoa mkosaji, anaweza kuagiza mbio zirudiwe. Kwa kawaida hawezi kumwongezea mtu sekunde au kumpunguzia, kwa sababu katika mbio za sambamba hakuna ajuaye aliyezuiwa angefika lini.

Kwenye mbio za kufukuzana na saa, hilo hugeuka kabisa.

Mbio hizi hufanyika zaidi mitoni, kwenye njia zilizopinda zisizoweza kubeba boti sita sambamba. Boti huachiwa moja moja, sekunde kadhaa baina yake, na mshindi ni mwenye muda mfupi. Ile ya London, kutoka Mortlake hadi Putney, ilianza 1926. Ina urefu wa takriban kilomita 6.8 na imewahi kupokea boti za watu wanane karibu 400. Ile ya mto Charles, baina ya Boston na Cambridge huko Marekani, ilianza Oktoba 1965. Ni kilomita 4.8 za kona na madaraja, na siku hizi huvuta wapiga makasia zaidi ya 10,000 kwa siku chache. Kutangulia si kufika: boti inayotangulia kuvuka mstari wa mwisho inaweza kuwa ya mia mbili kwenye orodha.

Hapo kazi ya watu wa kujitolea hubadilika sura. Kosa baya kuliko yote si mgongano, ni kusoma namba vibaya. Timekipa wa mwanzo akiandika 168 na wa mwisho akaandika 186, timu mbili zimeharibiwa siku. Kwa hiyo huwekwa makundi mawili yasiyosemezana, kila moja na saa zake na karatasi zake, mmoja anasoma namba kwa sauti na mwingine anaandika, na video inarekodi kwa ajili ya ugomvi. Karatasi, naam. Kalamu ya risasi haiishi chaji wala haisumbuliwi na mvua kama simu.

Waamuzi wengine husimama kwenye kona na chini ya madaraja. Kila mmoja ana kipande chake: kuanzia boya hili mpaka nguzo ile. Boti ikikata kona kwa kupita upande usioruhusiwa wa boya, anaandika namba, boya, saa. Boti ikimzuia anayeipita, anaandika vilevile. Hapa ndipo adhabu za sekunde zinapokubalika, kwa kuwa kila mtu anapambana na saa, si na omo ya jirani. Jioni karatasi zote hukusanywa na kamati inakaa kuziunganisha. Huyu wa upande wa kaskazini anasema boti ya 52 ilibanwa na ya 55. Huyu wa kusini anasema 52 ndiyo iliyokataa kupisha. Wote wakweli. Kila mmoja alikuwa na nusu ya tukio, na mabishano ya kamati hiyo aghalabu ni marefu kuliko mbio zenyewe.

Wakati mwingine aliye na jicho linalohitajika siye mwenye kibendera. Mwaka 2012, katika mbio zilezile za Oxford na Cambridge, mtu mmoja aliogelea hadi katikati ya mto kuandamana. Aliyemwona ni Matthew Pinsent, bingwa wa Olimpiki mara nne, ambaye siku hiyo alikuwa mwamuzi msaidizi tu kwenye mashua ya ufuatiliaji. Alikiona kichwa majini mbele ya boti mbili zinazokwenda kasi, zilizojaa watu wanaotazama nyuma, akatoa taarifa, mbio zikasimamishwa. Ziliporudiwa, boti ziligongana makasia, la Oxford likavunjika, wakakata rufaa, mwamuzi mkuu akaikataa, Cambridge wakashinda. Watu wanabishana mpaka leo kuhusu kasia. Kuhusu kile kichwa hakuna anayebisha, kwa sababu kilionekana kwa wakati.

Watu hawa wanatoka wapi? Wapo wa aina mbili, na kuwachanganya ndiko kunakoleta maswali mengi. Wapo wasaidizi: washika boti, waendesha mashua, wabeba ujumbe, wapishi, wanaofunga maboya usiku wa kuamkia mashindano. Hao hufundishwa kazi yao kwa saa chache, mara nyingi asubuhi hiyohiyo. Na wapo waamuzi wenye leseni, ambao nao hujitolea lakini wamefanya mtihani wa kanuni, wamekaa mashuani kando ya mwamuzi mzoefu wakitazamwa, na wanaendelea kupimwa. Anayetaka leseni ya kimataifa huanza na ya taifa lake. Shirikisho la dunia, lililoundwa 1892, limeweka ukomo pia: mwaka anaotimiza miaka 65, mwamuzi wa kimataifa anastaafu. Kwenye mashindano ya klabu utamkuta mwenye miaka 75 akiongoza gati, na ole wako ukimkosea adabu.

Wengi walikuwa wapiga makasia, au watoto wao walikuwa. Hilo lina faida yake, maana mtu aliyewahi kukaa mstarini anajua kwa nini timu inachelewa kunyooka. Lina hatari pia: katika mchezo mdogo kila mtu anamjua kila mtu. Mwamuzi ambaye klabu yake au mwanawe yumo kwenye mbio anapaswa kusema na kubadilishana zamu, na kwenye mashindano ya kimataifa huchanganywa wa mataifa mbalimbali. Kulipwa kusingelitatua jambo hili. Pengine lingekuwa baya zaidi, kwa sababu leo mwamuzi anayeona kibaya anaweza kusema bila kuhofia ajira. Ninalolaumu ni jambo jingine: kujitolea huku si bure kwa anayejitolea. Siku za likizo, nauli, koti lenyewe. Waandaaji wengi hutoa chakula na malazi, wengine hutoa mkate na shukrani, na halafu wanashangaa kwa nini orodha ya waamuzi imejaa wastaafu na vijana hawaonekani.

Siku ya fainali ikiisha, watazamaji huanza kuondoka medali zikiwa bado zinavishwa. Waliolala kwenye magati wamekwisha kuamka na kukung'uta nguo. Mnarani taa bado inawaka. Timu iliyolalamika majini ikakataliwa na mwamuzi ina saa moja, tangu ilipoambiwa uamuzi, kuleta pingamizi la maandishi, na mpaka saa hiyo ipite waamuzi wa rufaa hawaendi popote. Chini yao, mashua ya uokoaji inakokota kamba ndefu ya maboya kuelekea gatini, na kijana mmoja anayahesabu kwa sauti kadiri yanavyopanda.